Mwanafunzi Anahitaji Miaka Minne, Hesabu Zenu Zinatazama Mmoja

Barua ya wazi kwa wenyeviti na wajumbe wa mabaraza ya vyuo vikuu vya umma nchini Kenya

Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe,

Nawaandikia nikiwa mhasibu niliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi za fedha za taasisi za umma, na nikiwa mzazi wa mwanafunzi anayesoma katika mojawapo ya vyuo mnavyovisimamia. Ningeweza kumwandikia Waziri wa Elimu, au Kamati ya Bunge inayochunguza hesabu za vyuo. Nimewachagua ninyi kwa sababu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 imewakabidhi kazi ya kuajiri wafanyakazi wa chuo na kuidhinisha bajeti yake. Naibu Chansela huendesha chuo siku hadi siku. Baraza ndilo linalobeba dhamana ya chuo mbele ya umma.

Ombi langu naliweka mwanzoni ili lisipotee njiani. Kila mwaka, kabla KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, haijafungua dirisha la kuchagua kozi, kila baraza lichapishe ukurasa mmoja unaojibu swali hili: je, chuo hiki kina uwezo wa kumfikisha mwanafunzi anayeingia mwaka huu hadi siku ya mahafali yake, bila masomo kukatizwa kwa sababu ya fedha?

Kwa sasa swali hilo halijibiwi popote. Mkaguzi anapopima kama taasisi itaweza kuendelea na shughuli zake, viwango vya ukaguzi vinamtaka atazame mbele kwa angalau miezi 12. Kwa mwenye duka la saruji muda huo unatosha, kwa kuwa mteja hulipa, akachukua mfuko wake, akaenda zake. Chuo kikuu hakikabidhi chochote siku ya malipo. Mzazi anayelipa karo ya muhula wa kwanza amenunua ahadi ya miezi 48, na kwa anayesomea udaktari ahadi hiyo ni ndefu zaidi. Mwanafunzi akikwama mwaka wa tatu, hapewi nusu ya shahada. Anabaki na deni la mkopo wa masomo wa HELB, miaka iliyopotea, na nakala ya matokeo isiyomfungulia mlango wowote. Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa chuo kikuu, ahadi hiyo ndiyo deni kubwa kuliko yote, lakini haionekani katika mizania ya chuo chochote.

Mnaijua vizuri aya moja ambayo imekuwa ya kawaida katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu vyuo vyetu. Husema kwamba madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya mwaka yamezidi fedha na mali zinazoweza kupatikana ndani ya mwaka, na kwamba kuendelea kwa chuo kunategemea msaada wa serikali na uvumilivu wa wadai. Aya hiyo ilipaswa kulitikisa baraza lolote. Lakini imerudiwa katika vyuo vingi na kwa miaka mingi, hadi sasa husomwa kama salamu za kawaida za ukaguzi. Ibara ya 229 ya Katiba inataka ripoti ya ukaguzi ikamilike ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, kisha Bunge liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi 3. Kwa desturi mjadala wa Bunge huja miaka kadhaa baadaye, Naibu Chansela mpya akijieleza kwa mambo yaliyotendwa na mtangulizi wake. Wakati huo mwanafunzi aliyeingia mwaka uliokaguliwa amekwisha kumaliza, au amekwisha kukwama.

Tulifikaje hapa? Nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mlikuwapo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, mpango tulioujua kwa jina la Module II, na vyuo vingine vikafuata. Pesa zile zilikuja kwa wingi, na vyuo vikazifanya msingi wa mipango ya kudumu: viliajiri, vikafungua kampasi mijini, vikaanza majengo. Kufikia mwanzoni mwa 2013, vyuo vikuu vya umma vilikuwa vimeongezeka kutoka 7 hadi 22 kwa muda mfupi, kila kimoja na baraza lake, uongozi wake na orodha yake ya mishahara. Kisha mwaka 2016 usimamizi wa KCSE, mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne, ukakazwa. Waliopata alama ya C+ na zaidi, inayohitajika kuingia chuo kikuu, ambao mwaka 2015 walipita 160,000, wakawa 88,929. Mwaka 2017 wakawa 70,073. Hao wote waliweza kupewa nafasi kwa udhamini wa serikali, wengine hata katika vyuo vya kibinafsi kwa pesa za umma. Wa kujilipia wakawa wachache, na mapato ya Module II yakaporomoka. Watu walioajiriwa kwa mapato hayo wakabaki, nayo majengo yaliyoanzishwa yakasimama nusu.

Wakati huohuo serikali ilileta mfumo wa kugharimia kila kozi kulingana na gharama zake halisi, ikikusudia kubeba asilimia 80. Kusudio hilo halikufikiwa. Kadiri wanafunzi walivyoongezeka, mgao ulizidi kuachwa nyuma, hadi ukakaribia nusu tu ya gharama. Mei 2023 ukatangazwa mfumo mwingine wa ufadhili, mkopo na mchango wa familia, wanafunzi wakipangwa katika makundi kulingana na uwezo wa jamaa zao. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na suala likapelekwa Mahakama ya Rufani. Julai 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Kama mzazi nilishukuru. Kama mhasibu nikauliza: shilingi iliyoondolewa kwenye mzigo wa mzazi imeingia kwenye mzigo wa nani? Kama Hazina ya Taifa imeilipa, iko wapi? Kama haikuilipa, ni mwanafunzi yupi atakosa mhadhiri?

Katika historia hiyo yote kuna kosa moja la upimaji lililojirudia. Vyuo vilihesabiwa kuwa vizima kwa sababu ya pesa zilizotarajiwa. Kwanza zilitarajiwa za Module II, baadaye asilimia 80, sasa mchango wa familia. Bajeti ikasawazishwa kwa matumaini, ikaidhinishwa na baraza, na pengo likajazwa kwa kuchelewesha malipo ya mtu fulani. Ndiyo maana nawasihi mtazame sehemu nne za hesabu ambapo udhaifu hujificha.

Ya kwanza ni ardhi. Vyuo vyetu vingi vimerithi ardhi kubwa. Egerton, kwa mfano, ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, na mashamba yake ni sehemu ya utambulisho wake. Ardhi ikithaminiwa upya, jumla ya mali za chuo hupanda mno, na mizania huonyesha kwamba mali zimezidi madeni kwa mbali. Lakini ardhi ya umma haiuzwi ili kulipa mishahara ya Oktoba, wala haipaswi kuuzwa. Zaidi ya hayo, wakaguzi wamekuwa wakieleza mara kwa mara kwamba baadhi ya vyuo havina hati miliki za vipande vya ardhi vinavyovihesabu kuwa vyao. Baraza linalojifariji kwa thamani ya ardhi linajifariji kwa kitu ambacho haliwezi kukigusa, na pengine halina hati yake.

Ya pili ni wadaiwa. Katika hesabu za chuo, karo ambayo wanafunzi hawajalipa na mgao ambao serikali haijatuma huandikwa kama mali. Ni sawa kiuhasibu, mradi kuna sababu ya kuamini kwamba pesa zitakuja. Ulizeni basi: katika karo hizo, ni kiasi gani wanadaiwa wanafunzi walioacha masomo miaka mitatu iliyopita? Ni kiasi gani kinawahusu waliohitimu lakini hawajachukua vyeti kwa sababu hawana cha kulipia? Na mgao wa serikali mliouandika, je, umo katika bajeti iliyopitishwa na Bunge, au umo katika barua za kuomba? Deni la mwezi mmoja na deni la miaka mitano hayafanani, hata yakijumlishwa kwenye mstari mmoja. Chuo kinachokataa kupanga wadaiwa wake kwa umri kinajinyima ukweli wa kwanza kuhusu mapato yake.

Ya tatu ni pesa za watu wengine. Akaunti za chuo huweka fedha za utafiti zilizotolewa kwa kazi maalumu, amana ambazo wanafunzi huzilipa wanapojiunga na wanastahili kurudishiwa wanapoondoka, na fedha zinazozuiliwa kwa wakandarasi hadi kipindi cha kasoro kipite. Salio la benki likisomwa kwa jumla, chuo huonekana kina nafasi ya kupumua. Likitenganishwa, huenda shilingi iliyo ya chuo chenyewe ikawa haipo kabisa. Mgao unapochelewa, kishawishi cha kugusa mfuko wa utafiti ili kulipa mishahara huwa kikubwa sana. Mtafiti aliyeshinda ruzuku kwa jasho lake hukosa kemikali za maabara, ripoti kwa mfadhili huchelewa, na ruzuku inayofuata huenda kwingine. Chuo kimekopa kutoka kwa sifa yake, na deni hilo halina riba inayoweza kuandikwa.

Ya nne ni madeni yasiyoandikwa. Hapa namzungumzia mhadhiri wa muda. Vyuo vingi vinawategemea wahadhiri hawa kufundisha sehemu kubwa ya kozi, hasa za mwaka wa kwanza na wa pili. Mhadhiri hufundisha muhula mzima, akasahihisha mitihani, kisha akajaza fomu ya madai. Fomu ile isiposhughulikiwa, deni haliingii kwenye vitabu, na chuo huonekana kimeokoa pesa. Mhadhiri aliyekaa mwaka bila malipo huchelewa kuwasilisha alama. Mwanafunzi huambiwa alama zake za somo fulani hazionekani, hukimbia kutoka idara hadi idara, na mwishowe jina lake linakosekana katika orodha ya mahafali. Kila mzazi wa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini amesikia kisa cha namna hiyo. Tumezoea kukiita uzembe wa idara ya mitihani, ingawa mara nyingi chanzo chake ni fomu ya malipo iliyolala ofisi ya fedha.

Waheshimiwa, juu ya sehemu hizo nne kuna kipimo kimoja ambacho ningekiweka mbele ya vingine vyote. Kama baraza lina dakika tano tu za kupima afya ya chuo, nitaliomba liulize: shilingi iliyokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwezi uliopita, je, imefika ilikopaswa kufika?

Mfanyakazi wa chuo hupokea hati ya mshahara yenye makato mengi. Kuna kodi ya mapato, ambayo mwajiri anapaswa kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato, KRA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kuna pensheni, NSSF, bima ya afya ya jamii, mkopo wa benki, akiba na mkopo wa Sacco, ada ya chama cha wafanyakazi. Chuo kinapopungukiwa, hulipa mshahara uliobaki baada ya makato, kisha kikazuia makato yenyewe. Siku ya mwisho wa mwezi watu wanaona pesa kwenye simu zao, na kila mtu anaamini mishahara imelipwa. Kwa kweli imelipwa sehemu tu. Nyingine imekopwa kutoka kwa wafanyakazi bila idhini yao, na kwenye hati yao wamepewa risiti ya malipo ambayo hayakufanyika.

Matokeo yake mnayajua. Mwalimu anayestaafu baada ya kufundisha miaka 30 hukuta mfuko wa pensheni una pengo la miaka kadhaa. Karani anayehitaji mkopo wa kumlipia mtoto karo huambiwa na Sacco kwamba mkopo wake wa zamani haujalipwa, ingawa hati yake inaonyesha umekatwa kila mwezi. Chuo Kikuu cha Moi kilipofungwa mwishoni mwa Septemba 2024 kwa muda usiojulikana kufuatia mgomo, makato ya pensheni yasiyowasilishwa yalikuwa miongoni mwa malalamiko ya wafanyakazi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kupeleka alichokikata, na kukaidi ni kosa la jinai. Hakuna bajeti inayohalalisha kosa hilo.

Hata tukiweka haki pembeni kidogo, hesabu yenyewe ni mbaya. Kodi isiyolipwa kwa wakati huvuta adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Chukueni mfano wa chuo kinachochelewesha kodi ya shilingi milioni 100 kwa miezi 24: adhabu ni milioni 5, riba ni milioni 24. Milioni 29 zimepotea bila kununua kitabu kimoja. Chuo kisichopata mkopo wa benki hujikuta kimekopa kwa KRA, kwa mfuko wa pensheni na kwa mfuko wa karani. Kwa hiyo kipimo cha makato kina faida mbili: hufichua ukosefu wa pesa mapema kuliko kipimo kingine chochote, na huonyesha kama uongozi bado unatofautisha pesa za chuo na pesa za watu. Chuo kinachowasilisha makato yote kwa wakati kinaweza kuwa maskini, lakini bado ni cha kuaminika. Kikianza kuzuia makato, kimekwisha kuvuka mpaka, hata kama uwanja wake umepandwa maua na mahafali yake yamefana.

Najua jibu mtakalonipa, na ni jibu zito. Mtasema chanzo cha yote haya ni serikali isiyotuma pesa. Mna haki katika sehemu kubwa ya jibu hilo. Angalieni Mkataba wa Pamoja wa 2017–2021. Ulitiwa saini kati ya vyama vya wafanyakazi na jukwaa la pamoja la mabaraza yenu, IPUCCF. Miaka minne baada ya kipindi cha mkataba kwisha, wahadhiri walikuwa bado wanadai shilingi bilioni 7.9 zilizotokana nao. Septemba 17, 2025 waligoma, na vyuo vikasimama kwa siku 49, hadi Novemba 5, ilipokubaliwa kwamba deni lilipwe kwa awamu mbili. Waliopoteza muhula ule ni wanafunzi, ambao hawakuwapo chumbani mkataba ulipotiwa saini, na wengine walikuwa bado shule ya msingi.

Lakini saini ile ilikuwa ya mabaraza. Na katika kila baraza, kwa mujibu wa sheria, kuna kiti cha Wizara ya Elimu na kiti cha Hazina ya Taifa. Hazina haijifunzi habari za madeni yenu magazetini. Mwakilishi wake huketi mezani penu, husoma makabrasha yaleyale, na jina lake limo katika kumbukumbu za kikao. Mkiidhinisha bajeti inayotegemea mgao ambao yeye anajua hautakuja, nyote mmekubaliana kuficha. Mkimtaka aseme kwa maandishi, ndani ya kikao, ni kiasi gani kitatumwa na lini, mtakuwa mmeanza kupima afya ya chuo kwa njia ambayo wizara haiwezi kuikana baadaye. Dawa ya deni ni kulipa, lakini huwezi kumtaka mtu alipe deni ambalo hujawahi kuliandika waziwazi likiwa na jina lake.

Kuna wanaohofia kwamba kuchapisha ukweli kutawafukuza wanafunzi na kuwaamsha wadai. Nimelifikiria jambo hili kwa uzito, kwa sababu nisingependa barua hii iwe chanzo cha kuangusha chuo chochote. Nimefikia uamuzi kwamba hofu hiyo imechelewa. Wenye maduka karibu na lango la chuo wanajua ni mwezi gani wafanyakazi hawakulipwa. Wazabuni wanajua malipo huchukua miaka mingapi, na wanaiongeza miaka hiyo kwenye bei wanazowatoza, ndiyo maana chuo chenye deni hununua karatasi na mafuta kwa bei ya juu kuliko jirani yake. Sacco inajua, na mfuko wa pensheni unajua. Asiyejua ni mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha Nne huko Wajir au Kwale anayechagua kozi kwenye simu ya kuazima. Yeye peke yake ndiye anayewekeza miaka minne ya ujana wake gizani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayeumbuka si mficha peke yake.

Wengine watasema chuo kikuu si biashara, na kwamba kukipima kwa pesa ni kukidhalilisha. Nakubaliana na sehemu ya kwanza kwa moyo wote. Siwaombi mpime faida. Idara ya Falsafa au ya Fizikia haipaswi kufungwa kwa sababu haileti karo nyingi, na chuo cha umma kinachofundisha watoto wa maskini kwa hasara kinafanya kazi ambayo taifa lilikiundia. Ninachoomba kipimwe ni uwezo wa kutimiza ahadi. Kama taifa limeamua kugharimia masomo fulani, basi gharama iandikwe na ilipwe. Kipimo cha kweli humlinda mhadhiri wa Falsafa kuliko kumdhuru, kwa kuwa pasipo kipimo, chuo kinapobanwa hupunguza kimyakimya kile kisicho na mtetezi: vitabu vya maktaba, vifaa vya maabara, safari za utafiti wa nyanjani na wahadhiri vijana.

Wala jambo hili si geni duniani. Huko Uingereza, Office for Students, mdhibiti wa elimu ya juu, huchapisha kila mwaka tathmini ya hali ya kifedha ya vyuo vikuu kwa jumla, ikitazama miaka kadhaa mbele na kueleza wazi hatari zilizopo. Vyuo vyao pia vina matatizo makubwa ya fedha. Tofauti ni kwamba mjadala wao huanza na takwimu zilizo mbele ya kila mtu, na wetu huanza na mgomo.

Sasa nirudi kwenye ukurasa niliouomba. Hauhitaji sheria mpya wala washauri wa kulipwa, maana taarifa zote zimo katika ofisi zenu za fedha. Ningependa ueleze mambo sita. Kwanza, kwa pesa ambazo ni za chuo chenyewe, chuo kinaweza kujiendesha siku ngapi mgao ukichelewa? Pili, makato ya wafanyakazi yamewasilishwa hadi mwezi gani, kila kato kwa jina lake? Tatu, wadaiwa wamepangwaje kwa umri, na ni kiasi gani baraza limekubali kwamba hakitapatikana? Nne, wahadhiri wa muda wanadai kiasi gani, pamoja na fomu ambazo hazijashughulikiwa, na deni la zamani kabisa ni la muhula upi? Tano, serikali iliahidi nini mwaka huu, imetuma nini, na nani aliahidi? Sita, kwa hali ilivyo, ni programu zipi ambazo baraza lina uhakika wa kuzifundisha hadi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ahitimu, na zipi ambazo halina uhakika huo?

Swali la sita ndilo gumu kuliko yote, na ndilo litakaloleta faida kubwa zaidi. Baraza litakalolijibu kwa uaminifu litalazimika kuamua mapema: kuunganisha programu mbili zinazofanana, kukubaliana na chuo jirani kugawana wahadhiri, kufunga kampasi inayokula kuliko inavyozalisha, au kuiambia wizara kwamba halitapokea wanafunzi zaidi wa kozi fulani hadi gharama yake ilipwe. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa kabla ya usajili, wanafunzi wanapata nafasi ya kuchagua kwingine. Ukifanywa baada ya miaka miwili, ni wao wanaobeba gharama yake.

Ukurasa huo utiwe saini na mwenyekiti na Naibu Chansela, na majina ya wawakilishi wa wizara zote mbili yaandikwe chini yake. Uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za chuo, upelekwe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na KUCCPS, na ufike kwenye ofisi za vyama vya wafanyakazi. Mwaka unaofuata, ukurasa mpya uwekwe kando ya ule wa zamani, ili kila mtu aone kama siku za kujiendesha zimeongezeka au zimepungua.

Hesabu za mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na hufika kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu. Kufikia mwisho wa Septemba, basi, takwimu zote ninazoziomba zinakuwa zimekwisha kuandaliwa. Naomba mabaraza yaliyo tayari yasiyangoje mengine. Chuo kimoja kikianza, hata kikiwa chenye madeni makubwa, wazazi watauliza kwa nini vingine vimenyamaza, na mwakilishi wa Hazina atakuwa na swali la kujibu katika kila meza anayoketi. Katika kikao chenu kijacho, lifanyeni hili kuwa ajenda, na kumbukumbu zionyeshe nani aliliunga mkono na nani alilipinga.

Kwa heshima na taadhima,

Mhasibu, na mzazi wa mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma